Klampu yenye macho mawili

Sisi waandishi tumezoea kuhangaika na mambo ya wakubwa, bajeti na chaguzi, lakini mwezi uliopita kilichoninyima usingizi ni kipande cha bati. Ndiyo, bati la gari. Pamoja na dogo mmoja aliyekuwa amelishika.

Tuanze mwanzo. Marehemu baba aliniachia Peugeot 504. Hilo ni gari lililoanza kutoka kiwandani mwaka 1968 na likabeba nusu ya Afrika mgongoni. Injini bado inaunguruma, tatizo ni hewa ya bahari ya Dar. Vizingiti, yale mabati marefu yanayopita chini ya milango, vilikuwa vimeoza kiasi kwamba ukivigonga kwa kidole vinamwaga unga mwekundu. Nikaipeleka kwenye gereji moja Gerezani, si mbali na kituo cha mwendokasi. Wanaoijua Gerezani wanajua: majiko ya mkaa, masanduku ya bati, matoroli, na nyundo kuanzia asubuhi hadi jua linazama.

Fundi akanitajia bei. Nikapunguza. Akanitajia siku nne. Nikamwambia mbili, nina safari. Akacheka, akasema, "Sawa bosi, tutabanana." Mimi nikaondoka nikijiona mjanja wa mjini.

Niliporudi jioni ya kwanza nikamkuta dogo wa kama miaka kumi na sita amepiga magoti ubavuni mwa gari. Mikono miwili imeshika kizingiti kipya, amekikandamiza kwenye bodi, uso kaugeuzia pembeni, macho kayafumba. Fundi mwenye kinyago anachomelea sentimita chache kutoka kwenye vidole vyake. Dogo hana glavu wala miwani. Nikauliza kwa nini hawatumii klampu. Fundi akajibu bila hata kuinua kichwa: "Klampu si huyo hapo?"

Watu wakacheka. Na mimi, nakiri hapa mbele yenu, nilicheka.

Kesho yake dogo alikuja macho mekundu, yamevimba, machozi yanamtoka. "Kaka, usiku ilikuwa kama nimemwagiwa mchanga," aliniambia. Wenzake walikuwa wamemkatia vipande vya kiazi kibichi ajiwekee. Mwanga wa kuchomelea unaunguza uso wa jicho kama jua linavyounguza ngozi, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, wakati mtu ameshalala. Mara nyingi hupona ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo maana mafundi wanalichukulia jambo la kawaida. Lakini cheche ya chuma cha moto ikiingia jichoni haina habari na kiazi.

Kuhusu gari langu? Mlango wa nyuma uligoma kufunga. Kizingiti kilikuwa kimevutwa ndani kidogo tu, lakini mlango haujui habari ya "kidogo". Wakapaka puti, wakapiga msasa, wakapulizia rangi. Kwa mbali linang'aa.

Hapo ndipo nikaanza kuuliza maswali ambayo ningepaswa kuyauliza kabla ya kupunguza bei. Mzee mmoja anayefanya kazi za bodi upande wa Ilala alinikubalia nikae naye siku nzima. Nilichojifunza ni hiki: kuchomelea ndiyo sehemu fupi ya kazi. Kazi yenyewe ni kushikiza.

Bati la bodi ya gari ni jembamba, mara nyingi halifiki hata milimita moja. Ukilipiga moto linatanuka, likipoa linasinyaa na kuvuta kila kilicho jirani. Kwa hiyo mzee hakati kizingiti kabla ya kuchomelea chuma cha muda kinachopita katikati ya nafasi ya mlango, maana gari kama hili halina chesisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo mifupa. Ukiondoa kizingiti bila tegemeo, gari linalegea kama godoro.

Kisha anakata hadi afike kwenye chuma kizima, anapima kipande kipya, anakiweka. Hapo ndipo klampu zinapoanza: zile za umbo la herufi C, na vaisgripu, ile koleo inayojifunga yenyewe. Sehemu ambayo klampu haifiki, anatoboa matundu madogo na kukaza kwa skrubu, ambazo baadaye atazitoa na kuyaziba matundu kwa moto. Halafu anafanya jambo ambalo kule Gerezani sikuliona: anarudisha mlango kwenye bawaba zake, anaufunga, anaufungua, anatazama ule mwanya kati ya mlango na bodi. Haujalingana? Analegeza, anasogeza, anakaza upya. Moto bado haujawashwa.

Ukiwashwa sasa, anagusa nukta moja huku, nukta nyingine kule mwisho, anasubiri ipoe, anarudi katikati. Nikamuuliza, mzee, mbona polepole hivi? Akasema, "Bati halina haraka, kijana. Mwenye haraka ni mteja."

Hilo lilinichoma kuliko cheche.

Sasa najua wapo watakaosema naandika kama mtu wa maofisini. Kwamba mkono wa fundi unahisi kuliko chuma chochote. Ni kweli, na mzee wa Ilala naye alipapasa kila kiungo kwa kiganja. Lakini alipapasa kabla ya moto. Mkono ni wa kuhisi, klampu ni ya kushika. Wengine watasema dogo anajifunza kazi, na sote tunajua ufundi wa mtaani hurithishwa hivyo hivyo, kwa kukaa karibu na anayejua. Sawa. Lakini mwanafunzi aliyefumba macho anajifunza nini? Kinachofanyika mbele yake ndicho kitu pekee ambacho haruhusiwi kukiona!

Sheria zipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 18 kwenye mazingira ya hatari, na imetaja wazi kwamba hata sehemu za kazi zisizo rasmi zinahusika. Kwa hiyo gereji ya chini ya mwembe haijasahaulika kwenye karatasi. Imesahaulika mtaani.

Lakini leo sitaki kumalizia kwa kuilaumu serikali, maana hiyo ni njia rahisi ya mimi kutoka bila doa. Nilipokata bei, fundi hakukata waya wa kuchomelea, wala rangi. Hivyo ningeviona. Alikata siku mbili za kushikiza na kupima, akaweka mtoto badala ya klampu. Punguzo nililojivunia lilitoka kwenye macho ya mtu.

Nikaenda Kariakoo kwenye duka la vifaa, nikanunua klampu nne na kinyago kimoja. Jumla haikufika hata nusu ya fedha niliyokuwa nimeipunguza kwa fundi. Nikampelekea. Alivipokea bila maneno mengi, akampa dogo kile kinyago akisema, "Haya, sasa uangalie." Sijui kama anakivaa nikiwa sipo.

Kwa hiyo, wewe unayesoma hapa na una Corolla yako inayosubiri kunyooshwa, nina ombi moja. Kabla ya kuuliza bei ya rangi, muulize fundi bati atalishikiza na nini. Akikuonyesha klampu, mpe siku anazozitaka na umlipe kwa siku hizo. Akikuonyesha dogo, ondoa gari lako.

Mlango wangu bado haufungi vizuri. Kizingiti kitakatwa tena mwezi ujao, kwa mzee wa Ilala, kwa bei yake na kwa siku zake. Safari itasubiri.

Nawasilisha.