Panya Ameota Manyoya, Mtoto Je?

Mara kwa mara hutangazwa duniani kwamba wataalamu wameotesha manyoya ya panya mwenye kipara, na kwamba upara wa binadamu nao u karibu kukoma. Yafaa wananchi wa Shinyanga, Kahama na Geita waelewe lililo kweli katika habari hizo, kabla fedha ya pamba au ya dhahabu haijaishia katika chupa za mafuta minadani.

Kweli ipo. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakiongozwa na Angela Christiano na Raphael Clynes, walionyesha jinsi kinga ya mwili yenyewe inavyoshambulia mizizi ya nywele katika ugonjwa wa kunyonyoka nywele kwa mabaka. Panya waliopewa dawa za kuituliza kinga hiyo waliota manyoya. Juni 2022 Marekani iliidhinisha barisitinibu, dawa ya jamii hiyo, kwa watu wazima wenye ugonjwa huo mkali. Hata hivyo, katika majaribio, waliopona vizuri kwa kipimo kikubwa walizidi kidogo tu theluthi moja. Tena dawa hiyo haikuidhinishwa kwa upara wa kawaida wa wanaume. Manyoya ya panya hukua kwa majuma mawili au matatu kisha hupumzika; unywele wa mtu hukua miaka kadhaa. Anayeahidi kuotesha nywele za mzee kwa ushahidi wa panya hasemi kweli.

Lakini hoja yetu kubwa ni watoto. Mtoto wa shule mwenye mapunye huchekwa na wenzake, akajificha chini ya kofia. Kwake yeye, mnyama wa maabara alikwisha kutoa jibu zamani. Mwaka 1958, huko Glasgow, J. C. Gentles aliwalisha simbilisi wenye ugonjwa wa jamii hiyo dawa ya griseofulvini, nao wakapona. Haukupita muda binadamu nao wakatibiwa, na leo dawa hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Humezwa kwa majuma kadhaa, kwani kuvu wa mapunye huingia ndani ya unywele, mahali ambapo mafuta ya kupaka peke yake hayafiki. Mapunye makali yakiachwa huweza kuacha kovu lisiloota nywele tena.

Wala hatuwezi kusingizia kukosa elimu. Tangu 1992 kipo Moshi, katika Hospitali ya KCMC, kituo cha kufundishia wataalamu wa magonjwa ya ngozi.

Kwa hiyo tunazihimiza halmashauri zihakikishe kuwa dawa ya mapunye haikosekani katika zahanati, hata zile za vijiji vya machimbo. Walimu wawakague watoto bila kuwaaibisha. Vinyozi wasafishe mashine zao kila baada ya kichwa. Wazazi wasikubali kitana kimoja kwa nyumba nzima, wala wasikatize dawa mara mabaka yanapoanza kupungua.

Utafiti na uendelee, nasi tutaufurahia. Ila wahenga walituasa: usiache mbachao kwa msala upitao. Tiba ya mapunye tunayo, imfikie mtoto.