Kolwezi: Mayai ya ndege wasiohama yapimwe Kingamyambo

Kila mwaka mvua inapoanza kunyesha Kolwezi, mbayuwayu wa Ulaya wanafika kwa makundi. Mwezi wa tatu au wa nne wanaondoka kwenda kutaga kwao. Mdiria anayezamia samaki na fundichuma mwenye kiota kikubwa cha vijiti wanabaki. Anayetaka kujua uchafuzi wa madini unafanya nini jimboni Lualaba lazima aanze na tofauti hiyo.

Kingamyambo ndipo mabaki ya mawe yaliyosagwa yalipolundikwa kwa miaka mingi, kwanza na Union Minière, kisha Gécamines iliyochukua nafasi yake mwaka 1967. Mabaki mengine yalishuka katika bonde la mto Musonoi, ambao maji yake yanaenda Lualaba. Tangu 2018 kampuni ya Metalkol inayachimbua upya ili kutoa shaba na kobalti iliyobaki. Katika bonde hilo hilo watu wanavua, wanalima mboga na kufua nguo.

Ndege jike anapotaga, sehemu ya sumu iliyo mwilini mwake inaingia katika yai. Lakini sumu hiyo ameipata wapi? Zebaki inaonyesha zaidi chakula cha siku za karibuni. DDT na kemikali nyingine zinazokaa katika mafuta zinadumu mwilini miezi mingi, na ndege anayesafiri mbali anayachoma mafuta hayo njiani, sumu ikarudi katika damu. Ndege wa namna hiyo anaweza kuwa amekula karibu na machimbo ya dhahabu ya Ituri, ambako zebaki inatumiwa, au katika mashamba ya nchi nyingine. Yai lake likikutwa na sumu, kila mhusika atasema imetoka kwa jirani. Yai la fundichuma halitoi nafasi ya kujitetea hivyo, kwa sababu mama yake amekula vyura na samaki wa hapo hapo.

Mfano hauko mbali. Katika ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, watafiti walikuta DDT katika mayai ya furukombe, tai mwenye kichwa cheupe anayevua samaki, na maganda yake yalikuwa yamepungua unene. DDT ilikuwa imepulizwa upande wa Zimbabwe ili kuua mbung'o. Furukombe mzima hahami, anakaa na kulinda sehemu yake ya ziwa. Ndiyo maana mayai yake yalieleza hali ya ziwa lenyewe.

Wengine watasema kuhangaikia mayai ya ndege ni anasa wakati watoto wanakosa maji safi. Lakini mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza kwamba watu wanaoishi karibu na migodi ya Katanga wana kobalti nyingi sana katika mkojo. Kungoja hadi sumu ionekane katika mkojo wa mtoto ni kuchelewa. Ndege anayekula samaki wale wale angeweza kutoa onyo mapema.

Ni kweli yai halisemi yote. Kadimiamu inabaki zaidi katika figo za ndege, na shaba inadhibitiwa na mwili wenyewe. Kwa hiyo yai lililo safi si cheti cha usafi wa mto. Lazima maji, matope na samaki vipimwe pamoja nalo.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai kila mgodi uwe na uchunguzi wa athari kwa mazingira na jamii, pamoja na mpango wa kuzisimamia. Shirika la Mazingira la Congo, ACE, ndilo linalochunguza mipango hiyo. Liweke humo sharti moja jipya: mayai machache ya ndege wasiohama yachukuliwe kila mwaka kando ya Musonoi, na mengine mahali palipo mbali na migodi ili kulinganisha. Vyuo vikuu vya Kolwezi na Lubumbashi vipewe kazi hiyo, na matokeo yabandikwe hadharani, kwa Kiswahili, mahali wanakijiji wanapoweza kuyasoma.

Mbayuwayu ataondoka mvua zikikaribia kwisha. Familia za bonde la Musonoi zitaendelea kula samaki wa hapo, pamoja na mdiria na fundichuma.