Kwa Aziz Ali

Ndugu msomaji, ukipanda basi la Mbagala pale Dar es Salaam, utapita barabara ya Kilwa. Mkifika Mtoni, katika wilaya ya Temeke, utamsikia kondakta akiita, "Kwa Aziz Ali! Wa Kwa Aziz Ali wapo?" Watu watashuka na mizigo yao, basi litaendelea na safari. Muulize jirani yako uliyekaa naye: huyo Aziz Ali ni nani? Wengi watakujibu kuwa ni jina la kituo tu.

Sivyo. Aziz Ali alikuwa mtu. Aliishi hapo Mtoni wakati wa utawala wa Waingereza. Kazi yake ilikuwa ukandarasi wa majumba, yaani alipatana bei na mwenye kazi, akaleta mafundi na vifaa, akajenga. Kwa kazi hiyo akatajirika, akapata majumba na gari.

Mwafrika kuwa mkandarasi zama zile halikuwa jambo dogo. Mji uligawanywa: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Tena tangu miaka ya 1920 ilikuwapo sheria ya mikopo. Ilisema kwamba mfanyabiashara asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bila kibali cha serikali, hawezi kumdai mahakamani. Serikali ilisema inamlinda Mwafrika asizame katika madeni. Lakini fikiri mwenyewe. Nani atakukopesha mabati na saruji, naye anajua hawezi kukudai? Mwafrika alijenga kwa fedha iliyomo mfukoni mwake. Kwa hiyo Mwafrika aliyepata mali wakati ule, mimi namvulia kofia.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niandike. Aziz Ali alikuwa na watoto, na mmoja wao ni Dossa Aziz. Mwanawe mwingine, Hamza Aziz, baada ya uhuru alikuwa mkuu wa polisi wa nchi nzima. Lakini leo nataka tumzungumze Dossa.

Mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kuwa wanachama wa chama cha TAA. Karani au mganga wa serikali aliyetaka siasa, ilimpasa achague: siasa au mshahara. Basi siasa ilihitaji watu wasiokula mshahara wa serikali. Ni akina nani hao? Wafanyabiashara, wenye nyumba za kupangisha, watu wa sokoni. Ndiyo maana katika mwanzo wa TANU utawakuta watu wa biashara. John Rupia alikuwa mfanyabiashara, naye akawa makamu wa rais wa TANU.

Tarehe 7 Julai 1954, watu 17 walianzisha TANU mjini Dar es Salaam. Julius Nyerere alikuwamo. Rupia alikuwamo. Dossa Aziz, mtoto wa yule mkandarasi wa Mtoni, naye alikuwamo.

Chama kilianza kikiwa maskini. Nyerere alikuwa mwalimu Pugu, mbali na mji, na mwaka 1955 akaiacha kazi hiyo ili aitumikie TANU. Mwaka huo huo alikwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Rupia ni miongoni mwa waliotoa fedha za safari ile. Naye Dossa alitoa gari lake, likawa la kazi za chama.

Tulia kidogo hapo kwenye gari. Sisi tukisimulia uhuru, tunasimulia hotuba. Tunasimulia mikutano ya Mnazi Mmoja na watu waliofurika. Petroli hatuisimulii. Hatuulizi nani alinunua tairi lilipopasuka, wala nani aliwalisha wageni waliotoka mikoani. Wewe umewahi kuandaa arusi au msiba, unajua. Maneno ni mengi, lakini sufuria lazima iwe na mchele.

Wapo watakaonipinga. Watasema hao walikuwa matajiri, walitaka kulinda mali yao. Miaka ya ujamaa tulizoea kumwita kila mwenye nyumba mbili mnyonyaji. Wanyonyaji walikuwapo, sikatai. Lakini tajiri anayetaka kulinda mali yake hukaa kimya, hasa chini ya mkoloni. Leseni iko mikononi mwa serikali. Kiwanja kiko mikononi mwa serikali. Akiikasirisha serikali hiyo, anahatarisha vyote. Dossa alikuwa na cha kupoteza kuliko mimi na wewe.

Na alipoteza. Miaka yake ya mwisho aliishi Mlandizi, mkoa wa Pwani. Wanaomkumbuka husema aliishi maisha ya kawaida, si ya mtoto wa tajiri. Alifariki mwaka 1998. Sisemi kwamba chama kilipaswa kumrudishia gari. Hakulikopesha, alilitoa. Ninachodai ni kidogo zaidi: mtu anayeshuka pale kituoni ajue anashuka kwa nani.

Hilo halina gharama kubwa. Manispaa ya Temeke inaweza kuweka kibao cha mbao au cha bati, kiandikwe kwa herufi kubwa ili hata aliyeanza kusoma juzi akisome: HAPA ALIISHI AZIZ ALI, MKANDARASI, BABA WA DOSSA AZIZ ALIYEIPA TANU GARI LAKE. Maneno kumi na matatu tu. Fundi wa vibao atayamaliza kabla ya adhuhuri.