Farasi Analiliwa, Mpagazi Je?



Wapenzi wanafunzi, siku za likizo wengi wenu hukaa mbele ya televisheni mkatazama sinema za vita. Kukatazwa tu hakutoshi, kwani aliyekatazwa bila kuelezwa hutazama kwa kificho na huamini kila alichokiona. Sisi twaona ni bora mfundishwe kutazama. Mwenye kujua namna hadithi inavyoundwa hachukuliwi nayo kama jani linavyochukuliwa na maji. Safari hii tumechagua aina moja tu ya hadithi, nayo ni ile ya farasi na askari.

Iliyo mashuhuri zaidi ni War Horse. Ilianza kama kitabu cha watoto cha Mwingereza Michael Morpurgo mwaka 1982. Mwaka 2007 ikafanywa tamthilia katika National Theatre mjini London, na mwaka 2011 Steven Spielberg akaitolea filamu. Kisa ni cha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914-1918). Farasi aitwaye Joey amelelewa shambani Devon na kijana Albert. Baba wa kijana, kwa dhiki ya pesa, anamuuza farasi kwa jeshi. Joey anavushwa hadi Ufaransa, anapita mikononi mwa Waingereza, kisha Wajerumani, kisha msichana wa Kifaransa na babu yake, na mwisho anakutana tena na Albert, ambaye naye amekwisha kuwa askari.

Ukizichunguza hadithi za aina hii utaona zina kanuni zake, kama vile mapishi yalivyo na viungo vyake. Tutazitaja nne.

Kwanza, farasi hana upande. Hii ndiyo kanuni kongwe na ndiyo bora. Katika Black Beauty, kitabu cha Anna Sewell kilichotoka mwaka 1877, msimulizi ni farasi mwenyewe, na ndani yake yumo farasi mzee aliyepigana vita vya Crimea. Anapoulizwa na mwenzake watu wale walikuwa wakipigania nini, hana jibu. Jambo hilo limeishinda akili ya farasi. Tazama hekima iliyofichwa hapo. Mwandishi akimpa binadamu kazi ya kusimulia, mara moja atamkuta na bendera mkononi. Farasi hajui bendera. Anajua mkono unaompa majani na mkono unaompiga mjeledi, na mikono ya aina zote mbili imo katika kila jeshi. Katika kitabu cha Morpurgo pia ni Joey anayesimulia. Waliotengeneza tamthilia walimnyang'anya maneno. Farasi wao ni kikaragosi kikubwa cha henzerani kilichoundwa na kampuni ya Handspring ya Cape Town, Afrika Kusini, na huendeshwa na watu watatu. Hasemi neno, hupumua tu, akatikisa masikio, na watu wakaelewa.

Pili, kuna lile tukio la katikati ya mahandaki. Katika filamu, Joey ananaswa na seng'enge kwenye uwanja mtupu uliotenganisha majeshi mawili. Askari wa upande wa Waingereza anatoka, Mjerumani anatoka, wanakata seng'enge pamoja, wanapiga soga, kisha wanarusha sarafu kuamua nani amchukue farasi, na kila mmoja anarudi kwenye handaki lake. Wengine husema tukio hili ni la kupamba tu. Sisi twasema ndilo lenye mafunzo makubwa zaidi, maana linamwuliza mtazamaji swali zito: ikiwa watu hawa wanaweza kumhurumia mnyama kwa pamoja, ni nani aliyewakataza kuhurumiana?

Tatu, ni mashambulizi ya farasi mbio, panga zikimeremeta jua. Hili halihitaji maneno mengi. Katika vita ile farasi walio wengi hawakukimbia na panga. Walivuta mizinga, risasi na chakula katika matope, wakafa kwa uchovu, njaa, baridi, maradhi na makombora. Kuvuta mkokoteni hakupendezi kwenye sinema, kwa hiyo kumepunguzwa.

Nne, ni ahadi na marejeo. Bwana humwahidi farasi wake kwamba wataonana tena, na huonana. Hapa ndipo twapingana na hadithi hizi. Inakadiriwa kwamba farasi milioni 8 hivi, wa pande zote, walikufa katika vita ile, na karibu 484,000 kati yao walikuwa wa jeshi la Uingereza. Australia ilipeleka ng'ambo farasi wapatao 136,000. Aliyerudishwa nyumbani ni mmoja tu, Sandy, farasi wa jenerali. Wengi waliosalimika waliuzwa huko huko walikopigana. Mama mmoja wa Kiingereza, Dorothy Brooke, alipofika Cairo mwaka 1930 aliwakuta farasi wa vita wakiwa vikongwe, mifupa mitupu, wangali wakivuta mizigo mitaani. Alichangisha fedha, akawanunua kwa maelfu, na mwaka 1934 akafungua hospitali ya wanyama katika mji huo. Hayo ndiyo marejeo yenyewe. Filamu inayomaliza kwa farasi kuingia shambani jua likizama humfuta mtazamaji machozi kabla hajauliza lolote.

Nasi wenye kusoma Qur'ani tunacho kipimo cha jambo hili. Suratul Aadiyaat, ya 100, huanza kwa kiapo, na wafasiri wengi wamesema wanaoapiwa ni farasi wanaokwenda mbio vitani. Lakini sura haiishii kwa farasi. Mara inamgeukia binadamu: kukosa kwake shukrani kwa Mola wake, kupenda kwake mali, na siku yatakapofichuliwa yaliyomo vifuani. Mnyama ametangulizwa ili mtu ajitazame. Basi hadithi ya farasi iliyo nzuri ni ile ambayo mwisho wake inatuuliza habari za watu.

Tukiulizwa habari za watu, sisi wa Afrika Mashariki tuna la kujibu. Vita hiyohiyo ilipiganwa kwetu pia, tangu 1914 mpaka Novemba 1918. Huku farasi hawakufaa. Mbung'o na maradhi mengine waliwamaliza farasi na nyumbu kwa wingi, hasa mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na Makaburu yalipoingia Tanganyika ya Wajerumani. Mzigo aliokuwa aubebe farasi ukatwishwa kichwa cha mtu. Pande zote mbili zilichukua wapagazi, wengi wao kwa nguvu. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kupita 90,000, walio wengi kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na lishe mbovu. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ndimi za wazee wetu zikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo, na leo twalitaja kila siku tukienda sokoni Dar es Salaam, bila kukumbuka lilikotoka.

Atasema msemaji: mpagazi hana mvuto, farasi ni mnyama mzuri na asiye na hatia, ndiyo maana analiliwa. Twamjibu: zipime kanuni zile nne. Mpagazi naye alitolewa nyumbani bila hiari. Naye hakuwa na ugomvi na Mjerumani wala Mwingereza. Naye alivuta matope, akiwa mbali na panga za kumeremeta. Naye alimwahidi mama yake kwamba atarudi. Hadithi imekamilika, kilichokosekana ni wa kuisimulia. Sanamu iliyozinduliwa Nairobi mwaka 1928 imemsimamisha mpagazi pamoja na askari, na hilo ni jema, lakini sanamu haina kinywa.

Hatusemi msimlilie farasi. Kumhurumia mnyama ni katika dini, na moyo usiolainika kwa mnyama hautalainika kwa mtu. Twasema machozi yasiishie hapo. Kila mtakapotazama sinema ya vita, jiulizeni: aliyepewa jina ni nani, na aliyepita nyuma na mzigo bila jina ni nani? Kisha nendeni kwa wazee. Wapagazi wenyewe hawapo tena, lakini wajukuu zao wapo, na wengine wanakumbuka walichosimuliwa na mababu. Waulizeni kwa adabu, andikeni katika madaftari yenu, na mkipata kisa kizuri tuleteeni. Kurasa za gazeti hili ni zenu, na tungefurahi sana toleo lijalo libebe kisa cha mpagazi mmoja kilichoandikwa na mwanafunzi wetu.