Bibi alituuliza tunagombania nini

Hivi karibuni nilikuwa msibani Binza, mkoani Simiyu. Tulikuwa tumemzika mama aliyesomesha watoto wake kwa pamba. Jioni, chini ya turubai, katekista aliombwa afunge siku kwa sala. Alipotamka tu jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, mtoto mmoja wa marehemu, kijana aliyebatizwa upya mwaka huu kwa jina la Yesu peke yake, alisimama akaondoka. Dada yake alimwita, hakugeuka. Minong'ono ikaanza: amepotezwa, ameingiliwa na mapepo.

Ndipo bibi yao, aliyekuwa kimya kwenye mkeka, akasema: "Mulungu ni yuleyule tuliyemwomba mvua kabla ninyi hamjazaliwa. Wanangu, mnagombania nini?"

Wengi wetu tungejibu haraka: hatugombanii kitu, hayo ni mambo ya wasomi, tupendane tu. Mimi naona bibi anastahili jibu bora zaidi.

Ni kweli kwamba wamisionari walilikuta jina la Mulungu Usukumani. Wakatoliki walipofika Bukumbi mwaka 1883 walilikuta. Pale Nassa, ambayo leo ipo wilayani Busega, Waanglikana wa CMS walilikuta, na AIM, misheni iliyozaa Kanisa la AIC, ikalikuta ilipopokea kituo hicho mwaka 1909. Jina lilikuwa moja, mafundisho yakawa mengi. Leo wapo tunaokiri Mungu mmoja katika nafsi tatu. Wapo Wapentekoste wanaosema Baba, Mwana na Roho ni namna ambazo Mungu mmoja amejidhihirisha, na kwamba jina lake ni Yesu. Wapo Mashahidi wa Yehova wanaofundisha kwamba Mwana aliumbwa. Na kila mmoja ana Biblia mkononi: huyu anafungua Mathayo 28:19, huyu Matendo 2:38, yule Yohana 14:28.

Tusidhani ugomvi huu ni wa Wazungu. Ule mkubwa wa kwanza uliwaka Afrika, katika mji wa Alexandria nchini Misri. Kasisi Arius alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe. Ni bora kuliko viumbe vyote, lakini ni kiumbe. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 ulilikataa fundisho hilo. Athanasius, askofu wa Alexandria kuanzia mwaka 328, alitetea uamuzi huo hadi akafukuzwa mjini kwake mara tano. Hoja yake mkulima yeyote anaielewa: mdaiwa hawezi kumlipia mdaiwa mwenzake. Kama Yesu ni kiumbe kama sisi, hawezi kutuunganisha na Mungu. Na kwa wanaosema Baba na Mwana ni nafsi moja yenye majina mawili, swali ni hili: kule Gethsemane, Yesu alikuwa akimwomba nani?

Kwa hiyo, bibi, tunagombania jambo hili: je, yule mliyemwomba mvua alikuja mwenyewe kufa kwa ajili yetu, au alimtuma mwingine? Mimi naamini alikuja mwenyewe. Siwezi kusema hilo ni jambo dogo.

Lakini lawama ya jioni ile siitupi kwa kijana peke yake. Sisi tuliobaki chini ya turubai, ni wangapi tungeweza kumweleza tunachokiri kila Jumapili? Jumapili ya Utatu Mtakatifu huja mara moja kwa mwaka. Mara nyingi mhubiri husema ni fumbo, kisha hupita haraka kwenye matangazo ya michango. Kijana akiuliza, huambiwa asihoji mambo ya Mungu. Akipata mtu mwenye muda wa kukaa naye na kumjibu, atamfuata. Yule kijana hakuwa na mapepo. Alikuwa na swali, nasi tulimnyima jibu.

Naye alikosea. Angeweza kuinamisha kichwa na kunyamaza wakati mama yake akiombewa. Ukimya ule usingeukana ubatizo wake, na dada yake asingelia mara mbili kwa siku moja.

Kesho yake alfajiri, katekista hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe hadi nyumba aliyolala kijana, wakakaa kibarazani na Biblia zao mbili mpaka jua likapanda. Hawakukubaliana. Nilimuuliza katekista baadaye, akaniambia hivyo wazi. Lakini walirudi msibani pamoja, na bibi akawasogezea uji katika bakuli moja.

Wachungaji, mapadre na wazee wa kanisa, fundisheni Utatu kabla vijana hawajaondoka. Na akiondoka mmoja, mwende wenyewe.

Jumapili njema.