Afya ya Jamaa: Vidonge vya Huzuni na Nuru ya Macho

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Msemo huo wawahusu sana watu waliozoea kutii amri na kuvumilia, kwani askari aghalabu huona haya kukiri kwamba moyo wake umelemewa. Usiku hapati usingizi, chakula hakimpiti kooni, watoto huwakaripia bila sababu. Lakini akiulizwa hujibu kwamba hana neno. Huzuni nzito ya namna hiyo, ikidumu majuma mawili au zaidi, huitwa sonona, nayo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine wowote.

Mjini Juba maradhi hayo si mageni. Uchunguzi uliofanywa huko mwaka 2007, baada ya vita vya miaka mingi, ulihusisha watu wazima 1,242, na nusu yao walionekana kuwa na dalili za sonona. Kisha yakaja mapigano ya Desemba 2013 na ya Julai 2016. Si ajabu basi kwamba mtu apitaye Custom, penye soko na kituo cha magari, aweza kutafuta nafuu katika duka la dawa kuliko kwenda hospitali na kudhaniwa na wenzake kuwa ana wazimu. Mwingine huletewa chupa na jamaa aliye Kampala, Nairobi au ng'ambo. Chupa imeandikwa kuwa ni ya mimea au ya vitamini, naye husadiki kwamba kitu cha asili hakidhuru. Hapo ndipo hatari inapoanza, kwa maana kitu chenye nguvu ya kugeuza hali ya ubongo chaweza kugusa viungo vingine pia, na macho yakiwamo.

Mfano wa kwanza ni niasini, yaani vitamini B3. Mtu mzima huhitaji miligramu 14 hadi 16 tu kwa siku, nazo hupatikana katika karanga, samaki na nyama. Katika miaka ya 1950 madaktari kadhaa wa Canada walianza kuwapa wagonjwa wa akili vitamini hiyo kwa gramu nzima nzima, na hata leo wako wanaoisifu kuwa huondoa huzuni. Mwaka 1973 daktari wa macho wa Marekani, J. Donald M. Gass, alieleza habari za wagonjwa waliomeza niasini kwa wingi, wakaanza kuona ukungu. Maji yalikuwa yamejikusanya katikati ya retina, lile pazia la nyuma ya jicho lipokealo picha. Bahati njema, vidonge vikiachwa mapema, aghalabu uoni hurejea.

Mfano wa pili ni mmea wa Ulaya uitwao Hypericum, ambao kwenye chupa huandikwa St John's Wort. Ndani yake mna kemikali iamshwayo na mwanga mkali. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba kemikali hiyo ikipigwa na mwanga yaweza kudhuru chembe za lenzi na za retina. Kwa binadamu ushahidi bado haujakamilika, lakini askari asimamaye lindo juani saa sita mchana hana haja ya kungoja ukamilike. Lililo wazi zaidi ni kwamba mmea huo ukichanganywa na dawa za hospitali za sonona, mtu aweza kutetemeka, kutoka jasho, moyo kwenda mbio na mboni kupanuka. Kadhalika hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango na za baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI. Mwaka 2000 serikali ya Marekani iliwatahadharisha madaktari juu ya jambo hilo.

Kupanuka kwa mboni si jambo dogo. Kwa mtu ambaye jicho lake lina njia nyembamba ya kupitishia maji, mboni ikipanuka njia hiyo yaweza kuziba na presha ya jicho kupanda ghafla. Dalili zake ni jicho kuuma sana na kuwa jekundu, kuona duara za rangi kuzunguka taa, kichwa kuuma na kutapika. Dalili hizo mbili za mwisho hudhaniwa upesi kuwa malaria, na wakati mgonjwa anameza dawa ya malaria, jicho linakufa. Hapana budi apelekwe kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Yafaa basi kila nyumba ishike mambo machache. Mgonjwa aendapo hospitali achukue chupa zote anazotumia, hata za mimea, azionyeshe bila kuulizwa. Aonapo ukungu, asinunue miwani kabla ya kupimwa. Na dawa ya sonona aliyoandikiwa na daktari asiiache kwa ghafla kwa kuhofia macho. Amweleze daktari, ambaye aweza kuibadili.

Juba ina kituo cha macho huko Buluk, na Hospitali ya Mafunzo ina wodi ya maradhi ya akili. Mke aonaye mumewe anameza vidonge kwa siri usiku asimcheke wala asimtangaze kwa majirani. Amshike mkono, waende pamoja. Askari asiyeficha jeraha la mguu hana sababu ya kuficha la moyo, na macho anayahitaji ili awaone wanawe wakikua.