Homa ya daktari haionekani kwenye kipimajoto

KILA mfanyabiashara avukaye mpaka anakijua kipimajoto. Alielekezewa kwenye paji la uso wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini kati ya mwaka 2018 na 2020, akaelekezewa tena wakati wa COVID-19. Anaijua pia hofu yake. Joto likizidi kidogo, hata kama ni malaria tu au jua la njiani, nyanya zitaozea kapuni na siku imekwenda bure. Si ajabu basi mtu kushawishika kumeza kidonge cha kushusha homa kabla ya kufika kizuizini.

Leo tunataka kuzungumzia homa nyingine, ambayo hakuna kipimajoto kinachoweza kuiona. Ni ile ya daktari na muuguzi, ambao mioyo yao imechoka kwa kuhudumia wagonjwa wa mlipuko. Nayo pia hufichwa, na sababu ya kuifichia ni ile ile ya mwenye kapu la nyanya: kuogopa kupoteza riziki.

Ijumaa ya Septemba 27, 2024, Wizara ya Afya ya Rwanda ilitangaza kuwa ugonjwa wa Marburg umeingia nchini. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha Desemba 20 mwaka huo huo, watu 66 walikuwa wameugua na 15 kati yao walifariki. Waliopona walikuwa 51. Ugonjwa huu katika milipuko mingine umewahi kuua zaidi ya nusu ya waliougua, kwa hiyo matokeo hayo yalisifiwa duniani kote, na sifa hizo zilistahili.

Hata hivyo, ndani ya hesabu hiyo imo hesabu nyingine. Takriban asilimia 80 ya waliougua walikuwa watumishi wa afya, na wengi wao walikuwa wakifanya kazi katika hospitali mbili za Kigali, hasa katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Maana yake ni kwamba daktari aliyeingia zamu alimkuta kitandani mtu aliyekula naye chakula cha mchana wiki iliyopita. Alimtibu akiwa amevaa mavazi ya kujikinga, ambayo mgonjwa haoni kitu zaidi ya macho. Mwenzake alipofariki, hata mazishi yalikuwa na masharti, kwani waombolezaji hawakutakiwa kuzidi 50. Kesho yake zamu ilikuwa inamsubiri.

Ndugu msomaji, jiweke mahali pa mtu huyo. Anarudi nyumbani na kumkwepa mtoto wake anayekimbilia kumkumbatia. Koo likimkereketa usiku, anaanza kuhesabu siku 21. Jirani aliyekuwa akimsalimia sasa anavuka upande wa pili wa barabara. Mtu wa namna hiyo anaweza kukosa usingizi, kushtuka ovyo, kukasirikia wagonjwa, kuingia ulevini au kupoteza kabisa hamu ya kazi aliyoisomea miaka mingi. Huo si uoga wala uvivu. Ni jeraha kama majeraha mengine, ila halitoi damu.

Jambo hili si la Rwanda pekee. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa kati ya Januari 2020 na Mei 2021 watumishi wa afya wapatao 115,000 walifariki duniani kwa COVID-19. Shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani walieleza mwaka 2022 kuwa wakati wa janga hilo kati ya asilimia 23 na 46 ya watumishi wa afya walikuwa na wasiwasi uliopita kiasi, na kati ya asilimia 20 na 37 walionyesha dalili za sonona. Kwa maneno mengine, katika kila watumishi watano unaokutana nao hospitalini, angalau mmoja alikuwa akibeba mzigo huo wakati anakuandikia dawa.

Nchini Kenya, Desemba 2020, daktari kijana wa miaka 28 aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa COVID-19 alifariki kwa ugonjwa huo huo. Chama cha madaktari kilieleza kuwa alikuwa hajalipwa mshahara kwa miezi kadhaa na hakuwa na bima ya afya. Mwezi huo huo madaktari waligoma. Mtu aweza kusema mshahara na akili ni mambo mawili tofauti. Sisi tunasema hapana. Anayeombwa ahatarishe maisha yake huku hajui kodi ya nyumba ataitoa wapi, kwanza huvunjika moyo, kisha huvunjika akili.

Huko Uganda, Ebola iliyotangazwa Septemba 2022 iliambukiza watumishi wa afya 19 na saba kati yao wakafariki. Daktari wa kwanza kufariki alikuwa Mtanzania aliyekuwa akisomea upasuaji nchini humo, na alikata roho Oktoba 1 mjini Fort Portal. Wafanyabiashara wetu wamfikirie huyo. Naye alikuwa amevuka mpaka kutafuta maisha, kama wao.

Uganda hiyo hiyo inatupa funzo la zamani zaidi. Mwaka 2000 Ebola ilipoingia Gulu, Hospitali ya Lacor ilipoteza wauguzi na watumishi wengine mmoja baada ya mwingine. Mwishoni mwa Novemba waliobaki walikusanyika wakiwa na hofu na hasira, tayari kuiacha hospitali. Mganga mkuu wao, Dk. Matthew Lukwiya, hakuwapelekea barua za kuwafukuza. Alikaa nao kwa saa kadhaa, akayasikia yote waliyokuwa nayo moyoni, akawaambia anayetaka kuondoka aondoke lakini yeye hataisaliti kazi yake. Wakabaki. Siku chache baadaye aliugua mwenyewe, na Desemba 5, 2000 akafariki.

Habari hiyo husimuliwa kama habari ya ushujaa, na ni kweli. Lakini tuitazame vizuri. Kilichowabakiza wale wauguzi hakikuwa posho wala vitisho. Ni kwamba mkubwa wao aliwaruhusu kusema kuwa wanaogopa, na hakuna aliyeadhibiwa kwa kusema hivyo. Na linabaki swali ambalo hatujawahi kulisikia likiulizwa: Dk. Lukwiya mwenyewe, ni nani alikaa naye saa kadhaa kumsikiliza?

Hapo ndipo penye kiini cha tahariri hii. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini wahenga hawakumlaumu mficha maradhi peke yake, kwani mtu haanzi kuficha bila sababu. Mfanyabiashara huficha homa pale anapojua kuwa akiisema atarudishwa mikono mitupu, bila hata nauli ya kurudia. Daktari huficha uchovu wa akili pale anapojua kuwa akiusema ataitwa dhaifu, atapitwa cheo, au faili lake litaandikwa kwamba ana matatizo ya akili. Mfumo unaomwadhibu anayesema ukweli hauna haki ya kushangaa ukidanganywa.

Hata nchi tajiri zililijua hili kwa machungu. Aprili 2020, Dk. Lorna Breen, aliyekuwa akiongoza idara ya dharura katika hospitali moja ya New York, alijiua baada ya majuma ya kuhudumia wagonjwa wa COVID-19. Familia yake ilieleza kuwa aliogopa kutafuta msaada asije akapoteza leseni ya udaktari. Machi 2022 Marekani ilipitisha sheria yenye jina lake, ya kugharimia kinga na huduma za afya ya akili kwa watumishi wa afya. Ilibidi mtu afe ndipo sheria ije. Sisi hatulazimiki kusubiri vivyo hivyo.

Wapo watakaosema kuwa habari za msongo wa mawazo ni anasa ya Wazungu, kwamba Mwafrika huvumilia. Hao tunawakumbusha kuwa nchi hii ina neno lake, ihahamuka, na kila Aprili wakati wa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 watu hulia, huanguka na hutetemeka kwa mambo yaliyopita miaka mingi. Tulijifunza kwa gharama kubwa kwamba akili ina majeraha, na kwamba majeraha hayo yana tiba. Ndiyo maana leo hata hospitali za wilaya hutoa huduma ya afya ya akili.

Wasomaji wetu waliorejea kutoka uhamishoni wanalijua hili kuliko wengi. Waliokuwa kambini Goma Julai 1994 waliona kipindupindu na ugonjwa wa kuhara damu vikiua maelfu kwa maelfu. Katika mwezi wa kwanza pekee wakimbizi wapatao 50,000 walifariki. Wanajua kuwa mtu anaweza kurudi nyumbani, akapata shamba na paa, na bado usiku akawa yuko kambini. Daktari aliyetoka katika wodi ya mlipuko naye ni mrejea wa aina yake. Mwili umerudi, lakini hatujui kama vingine vyote vimerudi.

Basi tunasema nini? Mlipuko wa Marburg au Ebola hutangazwa kwisha baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Siku hizo ni za kuhesabu kirusi. Zikiisha, hutolewa hotuba, makofi hupigwa na mipaka hurudi kama zamani. Tunapendekeza kuwa siku ya 42 ya kirusi iwe siku ya kwanza ya daktari.

Kwanza, kila mtumishi aliyefanya kazi katika wodi ya mlipuko apewe mapumziko yenye mshahara kamili, yaandikwe katika mpango tangu mwanzo na yasitegemee huruma ya mkuu wa hospitali.

Pili, ushauri nasaha utolewe kwa kila mmoja bila kungoja aombe. Ukiwa wa wote, hakuna atakayenyoshewa kidole. Anayeutoa asiwe bosi wake, na yanayosemwa humo yasiingie katika faili la kazi. Huduma hiyo iendelee kwa mwaka mzima angalau, kwa kuwa majeraha haya huchelewa kujitokeza.

Tatu, posho za hatari zilipwe kwa wakati, na familia ya aliyefariki kazini ijue mapema itatunzwa vipi. Hiyo nayo ni dawa ya akili.

Nne, mzigo ugawanywe. Mwaka 2023 Rwanda ilianza mpango wa kuongeza watumishi wa afya mara nne katika miaka minne. Ni mpango mzuri, lakini haisaidii kuujaza mtungi kwa juu huku unavuja kwa chini. Kumfundisha daktari huchukua miaka mingi, na kumpoteza huchukua mlipuko mmoja.

Mwisho tunawageukia wafanyabiashara wa mpakani, kwa kuwa jambo hili ni lao pia. Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa sababu ya COVID-19, na ile ya nchi kavu haikufunguliwa kikamilifu hadi Machi 7, 2022. Wengi walikula mitaji yao katika miaka hiyo. Agosti 1, 2019, mpaka wa Gisenyi na Goma ulipofungwa kwa saa chache tu kwa sababu ya Ebola, hasara ilionekana siku hiyo hiyo. Kinachouacha mpaka wazi wakati wa mlipuko ni imani kwamba hospitali zinaweza kuudhibiti ugonjwa, na hospitali si kuta. Ni watu, tena watu wenye usingizi wa kutosha na akili iliyotulia.

Kwa hiyo, mwenye nyumba asimtoe muuguzi kwa sababu tu anafanya kazi wodi ya wagonjwa wa mlipuko. Muuza duka asiikatae noti yake. Jirani amsalimie, hata kama ni kwa mbali. Hayo hayahitaji bajeti ya serikali, na kwa mtu aliyetoka kumfunga macho mwenzake yana uzito kuliko makofi.

Mlipuko mwingine utakuja. Historia ya eneo letu hairuhusu kudhani vinginevyo. Siku hiyo tutawaomba tena madaktari waingie ndani wakati sisi sote tunakimbilia nje. Kama tutawakuta, na watakuwa katika hali gani, kunategemea tunayowafanyia sasa, wakati hakuna king'ora kinacholia.